Wanafunzi wapya wa uzamili hawajakosa uwezo, wamekosa maelekezo

Mwishoni mwa mwaka 2025 vyuo vikuu vya Tanzania vilitunuku shahada ya kwanza kwa kundi ambalo lilipita bila kutambuliwa. Ni vijana walioingia kidato cha kwanza Januari 2016, pale Serikali ilipoanza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne. Piga hesabu: kidato cha nne mwaka 2019, kidato cha sita 2022, chuo kikuu mwishoni mwa mwaka huohuo, na kwa waliosoma shahada ya miaka mitatu, mahafali 2025. Wengi wao wametoka katika nyumba ambazo hakuna mzazi, shangazi wala kaka aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Baadhi yao sasa wanaomba nafasi za uzamili, na darasani watakutana na kundi jingine linalokua mwaka hadi mwaka: walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri na watumishi wa benki waliorudi shule wakiwa na miaka 35 au 45, wanaosoma jioni na Jumamosi.

Maofisini na mitandaoni watu hawa wanazungumzwa kwa lugha moja. Siku hizi kila mtu ana masters, tunaambiwa. Vijana wanakimbilia uzamili kwa sababu ajira hakuna, watu wazima wanatafuta cheti cha kupandia cheo, na ushahidi unaotolewa ni kwamba wengi wanaanza na hawamalizi. Ushahidi huo ni wa kweli. Kila mwenye ndugu au rafiki aliyesoma uzamili anamjua mtu aliyefaulu masomo yote ya darasani kisha akakwama kwenye tasnifu, mwaka wa kwanza, wa pili, hadi akaacha kulizungumzia. Ninachokataa ni tafsiri yake. Watu hawa hawakwami kwa kukosa akili wala bidii. Wanakwama kwa sababu hatua ya utafiti inaendeshwa kwa kanuni ambazo hazijaandikwa popote, ambazo mtoto wa mhadhiri huzipata nyumbani na mtoto wa mkulima hana pa kuzipata. Na sisi, kama nchi, tumeweka sera ya kuwaingiza watu hawa chuoni bila kuweka sera ya kuwafikisha mwisho.

Tusijidanganye pia kwamba mwanafunzi mtu mzima ni mgeni kwetu. Kwa miaka kadhaa alikuwa ndiye mwanafunzi anayetakiwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Amalize kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa takriban miaka miwili, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la TANU. Fikra iliyokuwa nyuma ya agizo lile, kwamba aliyefanya kazi anajua kwa nini anasoma, haijapoteza uzito. Lakini agizo lilipotekelezwa, idadi ya wanawake chuoni ilishuka. Miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ambayo binti aliolewa, akazaa, na mlango ukafungwa. Baada ya muda mfupi Serikali iliwaruhusu wanawake waingie moja kwa moja. Kisa hicho nakiona kikubwa kuliko tunavyokipa nafasi katika historia ya elimu yetu, kwa sababu kinaonyesha kanuni moja ikiwagusa watu kwa namna tofauti, na viongozi waliotazama matokeo wakairekebisha, badala ya kuhitimisha kwamba wanawake hawapendi kusoma.

Baadaye kikaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza mwaka uliofuata chini ya Profesa Geoffrey Mmari. Hicho kilimfuata mwanafunzi alipo, mkoani, akiwa na kazi na watoto. Vyuo vingine navyo vikafungua programu za jioni na za mwishoni mwa wiki, kwa kiasi fulani kwa sababu ada za wanafunzi hao zinasaidia kuendesha chuo. Kwa hiyo mlango ni mpana. Tatizo linaanza pale mwanafunzi anapotoka kwenye masomo ya darasani na kuingia kwenye utafiti.

Darasani kila kitu kina ratiba. Kuna mhadhara, kuna kazi za kuwasilisha, kuna mtihani na tarehe yake. Mtu aliyefika hapo amefanya mitihani tangu darasa la nne, anaijua kazi hiyo. Siku anapokabidhiwa msimamizi na kuambiwa aandike andiko la utafiti, ratiba inakufa. Hakuna anayemwambia andiko linapaswa kuwa kwenye meza ya msimamizi lini, wala asubiri majibu kwa muda gani kabla ya kukumbusha. Analipeleka lile andiko, na wiki zinapita. Linarudi likiwa na maneno mawili pembeni ya ukurasa wa tatu: "Soma zaidi." Asome nini? Anarudi maktaba, anaongeza kurasa, analipeleka tena. Hajui kwamba mwenzake, ambaye mama yake ni mhadhiri, aliposomewa maneno hayohayo kwenye simu aliambiwa papo hapo: hajakataa mada yako, anataka uonyeshe wengine wamesema nini kuhusu mada hiyo na wewe unaongeza nini; mtajie waandishi watano, umuulize nani amesahaulika.

Na hapa malezi yetu mazuri yanamgeuka mwanafunzi. Amelelewa kwamba mkubwa hafuatiliwi. Ukimpelekea mzee ombi, unasubiri. Ukirudi kuuliza unaonekana humheshimu. Anaingia ofisini mwa profesa, anatoa shikamoo, anaketi kwenye ncha ya kiti, anajibiwa kwamba andiko halijasomwa bado, anashukuru na kuondoka. Hatarudi kwa miezi miwili. Profesa naye, mwenye rundo la maandiko na madarasa ya shahada ya kwanza yaliyojaa, anadhani kijana ameingia kwenye shughuli zake. Kila mmoja anamtendea mwenzake kwa adabu aliyofunzwa, na tasnifu inakufa katikati yao. Aliyekulia karibu na wasomi anajua kwamba profesa husahau kama mtu mwingine yeyote na kwamba ujumbe wa kukumbusha kila baada ya wiki mbili si utovu wa nidhamu. Hilo halifundishwi katika somo lolote la mbinu za utafiti, na lina nguvu ya kuamua nani anavaa joho.

Vibali ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Mwalimu mmoja wa sekondari ninayemfahamu alichukua barua ya utambulisho chuoni, akapanda basi hadi wilaya aliyochagua, akaenda moja kwa moja shuleni alikotaka kukusanya data. Mkuu wa shule alimpokea vizuri na kumweleza kwamba hawezi kumruhusu: barua inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, inapita kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo inamfikia yeye. Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa ya siku chache tu kazini. Siku zikaisha akiwa kwenye mabenchi ya masijala, akarudi kituo chake cha kazi bila hojaji hata moja iliyojazwa, na safari ya pili ilibidi isubiri likizo ya Desemba, wakati shule zimefungwa na wanafunzi hawapo. Utaratibu wenyewe una sababu zake na siupingi. Mwanafunzi wa masuala ya afya anajua pia kwamba lazima apate kibali cha maadili ya utafiti kabla ya kumgusa mgonjwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ninachouliza ni kwa nini mlolongo unaojulikana na kila ofisi ya mkoa haukuandikwa kwenye karatasi moja na kuambatanishwa na barua ile tangu siku ya kwanza.

Fedha nayo inabana kwa namna isiyoonekana kwenye takwimu za udahili. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imejengwa hasa kwa ajili ya shahada ya kwanza. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, aliyesoma kwa mkopo huo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa, na ilikuwa nafuu kubwa, lakini makato ya mwezi yako palepale. Kwa hiyo msomi wa kwanza wa familia anaanza kulipia uzamili kutoka kwenye mshahara ambao tayari umelipia shahada iliyopita. Kinachobaki kina wenyewe: ada ya mdogo wake, dawa za mama, michango ya msiba na ya harusi ambayo ukoo mzima unamtazama yeye, kwa kuwa ndiye aliyesoma. Nyumbani wanauliza, bila ubaya wowote, si ulishamaliza shule? Mwenzake aliyetoka kwenye familia ya wasomi anaweza kuwa na mshahara uleule, ila hakuna anayeusubiri mwisho wa mwezi. Muda wa usajili unapopita, chuo kinadai ada ya kuongeza muda, na ada hiyo inamwangukia hasa yule aliyechelewa kwa kukosa fedha.

Wapo wanaoyasikia haya na kujibu kwamba basi watu hawa hawana uwezo, wameingizwa chuoni kwa huruma. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote na ndiyo inayorudiwa zaidi. Kama tatizo lingekuwa uwezo, wangeanguka kwenye masomo ya darasani, ambako alama ya chini ya kufaulu ni ya juu kuliko ya shahada ya kwanza na mtihani haumjui mtoto wa nani. Hawaanguki huko. Wanakwama baada ya kufaulu, wote mahali pamoja, katika hatua ile ambayo maelekezo yanakoma na mahusiano yanaanza kufanya kazi. Tazama pia Kenya, ambako kwa miaka mingi wahitimu wasio na ajira wameishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani kazi zao za chuo kwa malipo, biashara iliyokua kiasi kwamba mwaka 2022 sheria ya elimu huko England ikaifanya kuwa kosa. Siitetei biashara hiyo, ni udanganyifu. Lakini haiwezekani kijana mmoja awe na uwezo wa kuandika insha inayopata alama nzuri katika chuo cha ughaibuni, kisha tuseme hana uwezo wa kuandika tasnifu yake mwenyewe nyumbani.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi na inastahili kujibiwa kwa heshima. Wahadhiri wengi wanasema uzamili ni mafunzo ya kujitegemea. Mtafiti anatengenezwa kwa kuachwa ahangaike, atafute, akosee na arudie, na ukimwongoza hatua kwa hatua umemnyima kile alichokuja kukitafuta. Nakubaliana nao nusu ya safari. Kuhangaika na swali la utafiti, na data inayokataa kusema ulichotarajia, ndiko kunakomkomaza mtu. Kuhangaika kutafuta ofisi inayopokea fomu, au kubahatisha maana ya kimya cha msimamizi, hakumkomazi mtu yeyote. Mwanafunzi mwenye ndugu chuoni hapati mateso hayo ya aina ya pili na hakuna anayesema kwamba utafiti wake ni hafifu kwa sababu hiyo. Basi kama si sehemu ya mafunzo kwake, haiwezi kuwa sehemu ya mafunzo kwa mwingine.

Wapo pia wanaohofia viwango. Kwao ninasema viwango vinashuka sasa hivi, tukiwa tunatazama. Mtu aliyeachwa peke yake na tarehe ya mwisho inakaribia hatafuti mwongozo wa chuo, anatafuta mtu wa kumwandikia. Kwenye kuta za steshenari zilizo karibu na vyuo vyetu matangazo ya kuchambua data na kuandaa maandiko ya utafiti yamebandikwa mchana kweupe, na namba za simu. Wateja wao si wavivu watupu. Wengi ni watu waliotuma andiko mara kadhaa bila kupata jibu lenye maana, na kule steshenari wakakuta kijana anayepokea simu. Sharti likiongezwa bila msaada, hali inazidi kuwa mbaya. Kenya, kupitia viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014, iliweka takwa kwamba mwanafunzi wa uzamili achapishe makala moja katika jarida la kitaaluma na wa uzamivu achapishe mbili. Nia ilikuwa njema. Lakini asiye na mtu wa kumwonyesha jarida lipi ni la kweli ni windo la majarida ya kilaghai, yanayochapisha chochote kwa yeyote mwenye dola za kulipa, na makala aliyoitolea jasho inaishia mahali ambapo hakuna msomi anayesoma.

Upande wa wasimamizi nao una haki yake. Vyuo vimeongeza udahili kwa kasi kubwa kuliko vilivyoongeza wahadhiri wenye shahada ya uzamivu. Msimamizi anayefundisha madarasa makubwa, anayesahihisha usiku na kukaa kwenye kamati mchana, hana saa za kusoma rasimu ya kurasa 90 kwa makini. Mradi wa HEET, wa kuimarisha elimu ya juu nchini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, unajenga majengo na pia unasomesha wahadhiri katika ngazi za uzamili na uzamivu, na hilo litasaidia. Kumtengeneza mhadhiri mwenye uzamivu huchukua miaka, hata hivyo, na wanafunzi wameshafika. Tukisubiri wahadhiri waongezeke, kizazi hiki chote kitakuwa kimepita mlangoni na kutokea dirishani.

Lugha sitaikalia sana, ingawa ni pana. Mtu aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akapewa Kiingereza kama lugha ya kila somo, anaandika tasnifu kwa lugha ambayo hajawahi kuibishania na mtu sebuleni. Katika masomo ya Kiswahili, kama yanayotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi anatoa hoja za kina kwa lugha yake na taaluma haijaanguka. Kwingineko, kozi ya stadi za mawasiliano inatolewa mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza na kuishia hapo, kana kwamba kuandika insha ya kurasa 5 na kuandika tasnifu ni kazi moja.

Kinachotakiwa hakihitaji bajeti ya ajabu. Kila programu ya uzamili iwe na mapatano ya usimamizi yanayosainiwa na pande zote mbili mwanzoni mwa utafiti, yakitaja ndani ya siku ngapi rasimu itasomwa, wanakutana mara ngapi, na mwanafunzi aende kwa nani kimya kikizidi. Hati hiyo inamwondolea mwanafunzi mzigo wa kumwomba mkubwa kwa aibu, kwa sababu anayedai sasa ni karatasi. Njia ya vibali, kutoka chuoni hadi kwenye shule au zahanati, iandikwe na kutolewa pamoja na barua. Ada ya kuongeza muda isitozwe kabla chuo hakijaonyesha kwamba ucheleweshaji haukutoka kwake. Na wale waliomaliza, hasa wa kwanza katika familia zao, walipwe kidogo kukaa na wanaoanza, wakutane nao Jumamosi hizohizo za masomo.

Juu ya yote, wahesabiwe wanaomaliza. Leo chuo kinajisifia idadi ya waliodahiliwa na ya waliovaa joho, na kati ya namba hizo mbili kuna watu ambao hakuna anayeulizwa habari zao. Tume ya Vyuo Vikuu inayo mamlaka ya kukitaka kila chuo kitangaze, programu kwa programu, ni wangapi kati ya walioanza uzamili mwaka fulani walimaliza ndani ya muda, na waliokwama walikwama hatua ipi. Mzazi na mwajiri wangeona. Mwombaji mwenye miaka 40, anayekwenda kuuza kiwanja ili alipe ada, angejua analipia nini. Na chuo kingelazimika kujiuliza maswali ambayo sasa anaulizwa mwanafunzi peke yake.

Muda uliobaki ni mfupi. Walioanza kidato cha kwanza mwaka 2018 hawakulipa ada hadi kidato cha nne, na walipoingia kidato cha tano mwaka 2022 walikuta ada ya kidato cha tano na sita nayo imeondolewa. Ndio wa kwanza kusoma sekondari yote bila ada. Watamaliza shahada ya kwanza ya miaka mitatu mwaka 2027, na wale watakaoendelea mwaka huohuo watafika kwenye tasnifu mwaka 2028. Mapatano ya usimamizi yanaweza kuandikwa muhula huu, na hesabu ya wanaomaliza inaweza kuanza kwa wanafunzi waliopo darasani sasa hivi.